Kilio Bila Maiti

Waliniambia nisiende kwenye kilio chake. Dada mmoja wa kanisani alinipigia simu asubuhi akasema, "Madamu Solanje, ubakie tu kwako. Watasema umekuja kuhakikisha kama amekufa kweli." Nilimshukuru, nikafunga kitambaa kichwani, nikavaa viatu vya kamba, maana mvua ilikuwa imenyesha na udongo wa mtaa wa Ngezi hupenda kushika kandambili ya mtu na kubaki nayo. Aliyekufa alikuwa mkuu wa shule ya watoto wadogo aliyenifukuza kazi nikiwa na miaka ishirini na tatu. Tulimwita Mama Diretrisi, na hata leo sijui namna nyingine ya kumwita. Habari za kifo chake nilizipata kwa Dheve, mshonaji mwenye cherehani yake pale sokoni, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka mitano katika darasa langu. Aliniandikia kwenye simu: "Madamu, Diretrisi ametuacha. Mi naenda. Weye je?" Mtu akiulizwa hivyo na Dheve hajibu kwamba anabaki nyumbani.

Kwetu Bunia anayefika kwenye kilio huanza kulia akiwa bado barabarani. Hulia kwa sauti, anamwita marehemu na kumwuliza ametuachia nani. Nilipoingia langoni, wanawake waliokuwa chini ya turubai waliacha kuzungumza, wakasubiri kuona kama nitalia, na nikilia, kama kilio kitakuwa cha kweli. Sikulia. Nilikuwa nimeamua tangu nyumbani kwamba machozi yangu yatatoka yakitaka yenyewe, na yasipotaka, basi. Niliwapa mkono mmoja mmoja, nikavua viatu, nikaketi mkekani. Nyuma yangu nikawasikia. "Ni ule?" "Ni yee. Ule wa kilio ya watoto." "Na halie?" "Ataliaje? Ule roho yake ilikauka zamani." Sikugeuka. Nimeitwa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, mwanamke wa kilio cha watoto, na sijaona bado kosa katika jina hilo. Harufu ya sombe, majani ya mihogo, ilikuwa inatoka jikoni nyuma ya nyumba, mtu alikuwa anapasua kuni, na mimi nikajikuta nimerudi katika chumba kimoja na mwaka mmoja. Wazazi wangu na nyumba tuliyokulia nitawaacha pembeni, hawakuwemo katika jambo hili.

Chumba kilikuwa depo ya zamani, ghala la bidhaa. Kuta zake zilikuwa matofali mpaka kiunoni, na kutoka hapo mpaka juu ni manjanja, mabati yaliyokwisha kutumika kwenye nyumba nyingine, hivi kwamba mvua ikianza usingesikia hata jina lako. Tulikuwa na benchi nane, ubao uliopasuka katikati, vikombe vya plastiki arobaini na kitu, na mlangoni sufuria kubwa la bui, uji wa mahindi na soya, ambao Mama Diretrisi aliupika kwa mikono yake kila asubuhi kabla sisi walimu hatujafika. Hilo nataka lijulikane. Mwaka ule watu walikuwa wanakimbia vita, wanaingia mjini kutoka Djugu na magodoro vichwani, shule nyingine zilifunga milango, lakini yeye aliamka, akawasha makaa, akakoroga uji wa watoto wa watu asiowajua. Uji wake haukuwa na mabonge. Mwanamke wa namna hiyo huwezi kumwita mbaya, na mimi sitamwita. Shida yake ilikuwa neno moja aliloliamini kuliko mengine yote: nyamaza.

Ngoja nikueleze vizuri, hasa wewe unayesoma ukiwa na mtoto anayejitupa chini kila siku. Kwetu neno hili lina kazi mbili. Mama aliyembeba mtoto aliyeanguka humpigapiga mgongoni na kumwambia nyamaza, nyamaza, na huo ni upendo. Mwalimu hugonga meza na kusema nyamaza, na hiyo ni amri. Mtoto wa miaka minne hawezi kutenganisha. Anachojifunza ni kwamba kitu kilichomo ndani yake, kiwe hasira au woga au huzuni, watu wazima hawataki kukiona kikitoka. Pale shuleni mtoto aliyelia alipelekwa nje akatazame ukuta mpaka amalize. Wageni walipokuja kutukagua walisifu ukimya wetu. Mimi pia niliusifu. Nilikuwa hodari sana: kidole changu kilifika mdomoni kabla mtoto hajavuta pumzi ya kulilia.

Dheve aliletwa muhula wa kwanza ukiwa katikati. Walitoka Bule, huko Djugu, yeye na koko wake, yaani nyanya yake, mama wa baba yake, mwanamke mwembamba aliyekuwa ameufunga mkono wa kuume kwa kitambaa cha kitenge. Koko hakusema mengi. Alisema, "Mutoto anaitwa Dheve. Anakula kila kitu," akaondoka. Kwa majuma matatu Dheve aliketi pembeni mwa benchi, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kimya. Alikunywa uji wake, akarudisha kikombe mahali pake. Nami, ambaye leo huitwa kufundisha walimu vijana namna ya kukaa na watoto, nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Mutazame Dheve. Mutazame mutoto anajua kukaa." Nikampa biskuti. Nilimpa biskuti kwa sababu ya ukimya wake. Nimelisema kosa hilo mbele ya walimu wengi, na kila mara wapo wawili watatu wanaoinamisha vichwa, kwa hiyo najua siko peke yangu.

Juma la nne alimng'ata Lobho. Lobho alikuwa mtoto wa jirani ya shule, mnene, mwenye sauti, na alichukua kikombe cha bluu ambacho Dheve alizoea kunywea. Dheve hakupiga kelele wala kumsukuma. Alishika mkono wa Lobho kwa mikono miwili, akauleta kinywani, akauma. Nilipomtenganisha, nikamwambia neno ninalolijua, na hapo hapo akaugeukia mkono wangu. Mama Diretrisi alimpeleka ukutani mwenyewe. Nilimfuata baada ya muda nikamkuta amesimama kama alivyoachwa, pua karibu na tofali. Hakuwa analia. Alikuwa ameingiza mdomo wa chini ndani ya meno, na damu kidogo ilikuwa imeshuka hadi kidevuni. "Yee ameshanyamaza," Mama Diretrisi aliniambia kutoka mlangoni, akiwa ameridhika. Nikasema, "Ndiyo, Mama." Nikamfuta kidevu kwa kitambaa changu.

Siku chache baadaye mama mmoja wa mtaa wetu alifiwa na mume wake, na mimi kama wasichana wengine nilikwenda kusaidia kumenya ndizi. Nilikuwa nimehudhuria vilio vingi, wote tumehudhuria, lakini siku ile niliketi karibu na lango na beseni langu la makemba, ndizi za kupika, na kwa mara ya kwanza nikatazama. Mwanamke anafika, anapiga kelele, anataka kujitupa chini. Wanawake wawili wanainuka, mmoja kushoto mmoja kulia, wanamshika mikono ili asiumie, na hawamwambii kitu. Wanatembea naye polepole mpaka mkekani. Analia mpaka sauti inashuka yenyewe. Mtu analeta maji katika kikombe, ananawa uso. Ndipo anauliza, au anaulizwa, "Ilifika namna gani?" na habari inasimuliwa tangu mwanzo, alianza kuumwa siku gani, alisema nini, nani alikuwa hapo. Na baada ya hapo, hii ndiyo sehemu watu hawaioni, anapewa kisu na ndizi. Anamenya. Nusu saa haijaisha anacheka na jirani yake kuhusu bei ya chumvi, na kesho atalia tena, na hakuna atakayemshangaa. Nikafikiri: tunajua kazi hii. Hakuna aliyetufundisha darasani na tunaijua yote. Wakati huo huo mtoto wa marehemu, wa miaka sita hivi, alianza kulia kwenye kizingiti, na mama yule yule aliyekuwa ameshikwa mikono kwa upole akamwambia, "Nyamaza, unatia mama yako haya." Beseni likanitoka mikononi.

Jumatatu nilibeba mkeka wangu wa nyumbani, nikautandika kwenye kona karibu na mlango. Sikuwaambia watoto ni wa nini. Nilisubiri, na katika darasa la watoto wadogo mtu hasubiri sana. Saa nne Lobho alimwaga uji wake. Alifungua kinywa, akanitazama, akaona kidole hakipandi. Nikamwita msichana mmoja aliyekuwa karibu, nikamwambia ashike mkono wa kushoto, mimi nikashika wa kulia, tukaenda naye polepole. "Lia," nikamwambia. Alikuwa amehudhuria vilio kama mimi. Alitutazama wote wawili, akaelewa, akatupa kichwa nyuma: "Ee bui yangu, umeniachia nani." Darasa zima likacheka, naye akacheka huku machozi yanatoka, kisha kicheko kikaisha yakabaki machozi tu, maana alikuwa na njaa kweli. Akanawa uso. Nikamwuliza, "Ilifika namna gani?" Akasimulia: kikombe kilikuwa cha moto, kiwiko cha mwenzake, mezani, puu. Nikampa maharagi achague mawe. Kabla hajamaliza sahani alikuwa anaimba.

Kwa hiyo hayakuwa mambo ya ajabu. Ninapowaeleza walimu vijana huwaambia kila hatua ina kazi yake. Mikono miwili inamwambia mtoto kwamba hataumia wala hataumiza. Mkeka unamwambia kuna mahali pa jambo hili, na pana mwisho, kwa sababu mtu huinuka mkekani. Maji huirudisha pumzi. Swali ndilo kubwa, kwa maana mtoto akisimulia kilichotokea hasira inakuwa habari, na habari mtu anaweza kuishika. Maharagi yanampa njia ya kurudi kwa wenzake bila aibu. Tukajifunza na maneno. Mwanzoni wote walisema roho inaniuma, kwa kila kitu. Siku moja Lobho alikaa mkekani akafikiri, akasema, "Madamu, haiumi. Inawaka." Ndipo tukaanza kutofautisha: roho inayowaka, roho inayotetemeka, roho iliyo nzito. Kuna asubuhi mtoto aliingia tu, akapita mbele yangu, akasema, "Leo iko nzito," akaenda kukaa kwenye benchi, na haikuhitajika zaidi. Jina la mkeka hawakulipata kwangu. Walilitoa wenyewe, siku ile ile ya kwanza: "Madamu, Lobho amefanya kilio. Na mi nataka."

Dheve hakukaribia mkeka. Lakini siku ya tatu, mtoto mwingine alipoanza, aliinuka bila kuitwa, akashika mkono wa kushoto. Alishika kama mtu mzima, kiganja chini ya kiwiko, bila kubana. Tangu hapo ikawa kazi yake. Alishika mikono ya wote, hata ya Lobho aliyeng'atwa naye, na katika juma lile hakuuma mtu. Nilitaka sana alie. Nilijizuia kumwambia. Jambo gumu kuliko yote katika kazi hii ni kutandika mkeka na kuacha mtoto aamue siku yake.

Taabu ilianzia majumbani. Watoto walicheza walichojifunza. Baba yake Lobho alirudi kutoka kazini akawakuta wanawe watatu uani, mmoja analia, wawili wanamshika mikono, mtoto wa mwisho amesimama na kikombe cha maji. Akauliza ni nini. "Ni kilio, Papa." "Kilio ya nani?" "Bado hatujajua." Alicheka siku hiyo, aliniambia mwenyewe baadaye. Ila juma lililofuata Lobho alishikwa na surua, akalala na homa kali, na kicheko kikaisha. Baba yake alikuja shuleni saa ya uji. Alisimama mlangoni, akautazama mkeka, hakuukanyaga. Mama Diretrisi akamtoa nje kwa heshima, kisha akaniita ofisini kwake, chumba chenye meza, kalenda na gunia la soya.

"Solanje," alisema, na hakuwahi kuniita bila Madamu, "unafanya kilio mu shule yangu. Maiti iko wapi?"

"Hakuna maiti, Mama. Ni namna ya kuwasaidia."

"Kama haiko hapa, basi iko njiani. Mutu hatandike mukeka ya kilio bure. Mi mwenyewe niko mukristo, siamini mambo ya wachawi, lakini mukeka ile sitaki." Alishika mdomo wa gunia akaukunja. "Na ule mutoto wa Bule, koko wake aje kumuchukua. Tangu amefika, hakuna amani. Siku ya posho tutakuwa na mukutano ya wazazi. Utawaambia umekosa, utakunja mukeka, na mi nitasimama upande wako. Unasikia? Nitasimama."

Alimaanisha hivyo. Nilikuwa nahitaji kazi ile, na alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikupita. Nadhani ni kwa sababu ya kidevu cha Dheve. Nikasema, "Mama, wewe unalia wapi?" Akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Posho, yaani Jumamosi, wazazi walikuja wakaketi kwenye benchi za watoto, magoti yamefika kifuani. Lobho alikuwa bado kitandani. Baba yake alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema hana ugomvi na mwalimu, ila kijana wake yuko na homa na yeye halali. Mama mmoja akasema watoto wake siku hizi wanalia zaidi. Mwingine akamjibu kwamba wake wanalia zaidi na wanapigana kidogo kuliko zamani. Mzee mmoja mwenye koti, mtu wa kupenda amani, akainua mkono: "Tubadilishe tu jina. Tuite mukeka ya pumziko. Kila mutu atakuwa muzuri." Watu wakaitikia kwa vichwa, na Mama Diretrisi akanitazama kwa macho yaliyokuwa yananisihi.

Nilisimama. Nikasema watoto wanajua pumziko ni nini na wanajua kilio ni nini, na hawakukosea neno. Nikasema katika darasa langu hakuna mtoto asiyekuwa amepoteza mtu, au nyumba, au mbuzi, au rafiki aliyehama bila kuaga, na sisi wakubwa tulipopoteza tulilia, tukashikwa mikono, tukaletewa maji. Nikasema sitakunja mkeka na sitalibadili jina lake. Baba yake Lobho aliinama mbele. Hakuwa na hasira, nadhani hilo ndilo lililonitisha. "Madamu, mi nakuuliza kitu moja tu. Maiti iko wapi?"

"Iko Bule."

Sauti ilitoka nyuma, mlangoni. Koko wake Dheve alikuwa ameitwa kuja kumchukua mtoto, na alikuwa amesimama hapo muda wote, Dheve pembeni yake. Akaingia. Alikuwa anafungua kitambaa cha mkononi, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, kama mtu aliye peke yake nyumbani.

"Munauliza maiti iko wapi. Iko Bule, na iko mbili. Mutoto yangu na muke yake. Hatukuwazika, hatukuwalilia. Tulikuwa tunalala mu shamba ya mihogo, watu wa bunduki wanapita ku barabara. Huyu akaanza kulia. Mi nikamuziba kinywa na mukono, nikamuambia nyamaza. Akaluma. Sikutoa mukono. Akaluma mupaka mufupa, sikutoa." Aliuinua mkono. Kidonda kilikuwa kimepona vibaya, alama za meno madogo zimeuzunguka upande wa kidole gumba. "Sasa mutu akimuambia nyamaza, yee anatafuta mukono. Mulikuwa hamujue. Na mi sikuwaambia."

Nje pikipiki ilipita. Koko alivua kandambili zake, akautazama mkeka kana kwamba anapima urefu, akaketi. Hakulia kwa sauti. Alianza kuyumba tu, mbele na nyuma, na sauti ndogo ikawa inatoka. Dheve akamtazama. Akaja upande wa kushoto, akaweka kiganja chini ya kiwiko cha nyanya yake. Kisha akageuza kichwa, akanitafuta, maana wa kulia hakuwapo. Nikaenda. Na tulipokuwa tumemshika Koko hivyo, mimi huku na yeye kule, Dheve alifungua kinywa. Sitajaribu kuiandika sauti ile. Nitasema tu kwamba ilikuwa kubwa, kwamba manjanja yalitetemeka, na kwamba aliyeleta maji katika kikombe cha bluu alikuwa baba yake Lobho.

Ningependa kukuambia kwamba siku hiyo wote walishawishika. Hawakushawishika. Mama Diretrisi alisema, "Mukutano imekwisha," akatoka. Wazazi wawili waliwahamisha watoto wao. Jumatatu nilikuta mkeka umekunjwa na kuwekwa juu ya kabati, ambako sikufika bila benchi. Nikapanda benchi nikaushusha. Jumanne ukawa juu tena. Nikaushusha. Tuliendelea hivyo mpaka mwisho wa mwaka, yeye jioni na mimi asubuhi, na hatukuwahi kuzungumza juu yake hata mara moja. Lobho alipona, akarudi amekonda, akaenda moja kwa moja mkekani kulilia majuma yote aliyokosa uji. Ukuta wa nje haukupata mtoto tena, sijui kwa amri ya nani. Dheve alipita kwenda darasa la kwanza la msingi akiwa mwenye kelele kuliko wote. Siku ya kufunga shule Mama Diretrisi alinipa bahasha ya mshahara wa mwisho, akasema, "Mwaka unaokuja tutakuwa na mwalimu mwingine." Nikamwuliza kama mkeka ubaki. Akasema, "Ni yako. Beba." Nikabeba. Upo kwangu hadi sasa.

Basi nilikuwa nimeketi kwenye kilio chake, macho makavu, nikiwaza haya, wakati mtoto alipoanza uani. Alikuwa mjukuu wa marehemu, msichana wa miaka minne hivi mwenye gauni la kanisani. Alikuwa amejitupa chini karibu na mlango wa nyumba, anampiga teke kila anayemkaribia, kiatu kimoja kimeruka hadi kwenye sufuria za wapishi. Shangazi yake alikuwa amemwinamia, uso wote aibu. "Nyamaza. Nyamaza, watu wanatuangalia." Watu walikuwa wanatuangalia kweli. Nikainuka. Dheve, aliyekuwa na wapishi, alinawa mikono na kuja bila kuitwa, akaenda upande wake wa kushoto.

"Madamu," shangazi akanong'ona, "hapa?"

"Hapa," nikasema.

Tukamshika, kiganja chini ya kiwiko, bila kubana. Alitupiga mateke kidogo, halafu akaacha. Tukamleta kwenye mkeka wa wakubwa, katikati ya wanawake wote wale, na safari hii hakuna aliyeuliza maiti iko wapi. Alilia mpaka sauti ikashuka. Mtu akatuletea maji. Nikamnawisha, nikamwuliza, "Ilifika namna gani?" Akavuta pumzi tatu. "Koko alisema atanipikia bui. Amelala. Wanakataza nimuamshe." Nikamwambia ndiyo, uji wake ulikuwa mzuri, haukuwa na mabonge, mimi niliunywa mwaka mzima. Akanitazama kuona kama nasema kweli. Dheve akasogeza beseni la maharagi, naye akaanza kuchagua mawe, akayaweka moja moja kwenye kiganja changu.

Nadhani ni mawe yale. Mikono ya Mama Diretrisi ilikuwa inayachagua hivyo hivyo katika soya ya uji, asubuhi, kabla hatujafika. Sauti iliyonitoka ilinishtua hata mimi. Shangazi wa mtoto, mwanamke mwema, aliniinamia haraka, akanipigapiga begani kwa mazoea. "Nyamaza, Madamu. Nyamaza."

"Sinyamazi," nikamwambia, na Dheve akaja upande wangu wa kushoto.